Nishani za Keya na Majina Yaliyopotea Kinango

Nyota ya Burma ni kipande cha shaba chenye pembe sita, kinachoning'inia kwenye utepe mwekundu wenye kingo za buluu na mistari ya rangi ya chungwa. Kigeuze mgongo. Hakuna jina. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilichonga namba na jina la askari kwenye ukingo wa nishani yake. Baada ya Vita vya Pili iliacha kazi hiyo, ikazitoa nyota zake zikiwa tupu mgongoni.

Uamuzi huo uliwahusu pia askari wa Manchester na Glasgow. Lakini wa Glasgow faili lake lilibaki mikononi mwa serikali yake, na mjukuu akitaka kujua babu alistahili nini, huandika barua akasubiri jibu. Mjukuu wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kutoka Ndavaya, Puma au Samburu, huku Kinango katika Kwale, yuko kwenye hali nyingine. Pengine ana nishani isiyosema ni ya nani. Pengine ana masimulizi ya babu matupu, bila nishani. Faili hajui hata aanze kulitafuta wapi.

Jambo hili lilionekana mbele ya kamera tarehe 1 Novemba 2023. Siku hiyo, katika makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu aliwakabidhi wazee wanne wa Keya nishani mpya za kuchukua nafasi ya zile za zamani. Wengi wa kizazi chao walikuwa wamezificha au kuzitupa nishani zao miaka ya Mau Mau, kwa kuhofia kuitwa vibaraka. Kesho yake Mfalme alikuwa Mtongwe, kambi ya wanamaji iliyo upande wa Likoni, ambako gari la Kwale halikosi kupita. Wazee wanne, ilhali Wakenya waliovaa sare ya Mwingereza katika vita vile walikaribia 100,000. Simlaumu Mfalme kwa hesabu hiyo, kwani waliobaki hai ni wachache mno. Ninachouliza ni kuhusu waliokufa bila kupewa, na waliopewa kisha karatasi zikawakana.

Kwa Kinango swali hili lina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa. Watu wanaozungumzia vita vya wakoloni hukimbilia Taveta na Voi, kana kwamba Kwale ilisikia habari tu. Vita vilianza Agosti 1914, na kufikia Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Mjerumani yalikuwa yamepanda kutoka mpakani hadi Gazi yakiitazama Mombasa. Januari 1915 watu waliuana Jasin, ng'ambo kidogo ya Vanga. Tarehe 9 Januari 1916, Meja Arthur Wavell, aliyewakusanya Waarabu wa Mombasa akaunda nao kikosi, aliuawa Mwele, humuhumu Kwale. Wavell ana ukumbusho wake Mombasa, karibu na Fort Jesus. Wapagazi waliobeba maji na risasi katika vichaka vile hawana mnara wenye majina yao. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1920 zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Zinawashukuru wote kwa pamoja na hazimtaji mtu hata mmoja.

Wapagazi ndio sehemu nzito ya habari hii, hivyo niruhusu nikae nao kidogo. Mwaka 1917, John Ainsworth alipopewa jukumu la kutafuta nguvukazi ya vita, machifu waliamriwa watoe vijana kwa mkupuo. Pwani palikuwa pameshaonyesha msimamo wake: Wagiriama, wakiwa na Mekatilili wa Menza, walikuwa wamekataa mwaka 1914 kutoa vijana wao, na wakapigwa kwa kukataa kwao. Waliochukuliwa walibebeshwa mizigo hadi ndani ya Tanganyika, kwenye mvua, kuhara na malaria. Takwimu rasmi za Uingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wa kampeni ya Afrika Mashariki. Wanahistoria waliopitia hesabu hizo baadaye wanaikaribia 100,000.

Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho cha wapagazi, alihangaika kwa miaka mingi kudai mishahara ya waliokufa, fedha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hazina ya Uingereza haikuzitoa kwa jamaa. Hoja ilikuwa ileile tunayoisikia leo madirishani: jamaa hawajulikani, majina hayaeleweki, ushahidi hautoshi. Na serikali hiyohiyo, vita vilipomalizika tu, ikaanza kumvisha kila mwanamume Mwafrika kipande chenye alama za vidole, akitembea nacho shingoni ili tajiri wake amjue na polisi amkamate. Wakati wa kumtafuta mtoro, majina yalieleweka vizuri. Wakati wa kumlipa mjane, yakawa fumbo. Mimi siamini kwamba huo ulikuwa uzembe wa makarani.

Vita vya Pili vilipokuja, maofisa wa Keya walikuwa tayari na fikra zao kuhusu kabila lipi ni la vita na lipi ni la jembe. Wakamba na Wakalenjin walipendelewa kwenye bunduki. Watu wa Pwani walitazamwa zaidi kama watu wa kazi za vibarua, wakaelekezwa kwenye vikosi vya kuchimba mahandaki, kupakua meli na kutengeneza barabara. Mpangilio huo una uzito hadi leo, maana anayetafuta jina la babu yake kwenye orodha za bunduki peke yake anaweza kurudi mikono mitupu ilhali babu yuko kwenye orodha za sepetu, na aliyeshika sepetu naye alistahili nishani ya vita kama mwenzake wa bunduki.

Hata hivyo wapo waliofika mbali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye kichwa cha kifaru kwenye bega, iliingia bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya mvua za masika za huko mwaka 1944. Ilisonga mbele matopeni miezi kadhaa hadi Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na Desemba wahandisi wakatandaza daraja la chuma ambalo kwa aina yake lilikuwa refu kuliko yote wakati huo. Wengine hawakufika. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga Kilindini kuelekea Ceylon. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ya Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives, na meli ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hao angalau majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho wa makaburi ya vita Nairobi. Aliyerudi nyumbani akafa kwa uzee hana ukuta wa namna hiyo. Jina lake linategemea faili lake tu.

Sasa tuje kwenye milango, maana iko miwili na watu huichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa nishani za kampeni: Nyota ya Burma, Nyota ya Afrika, Nyota ya 1939–45, Nishani ya Vita na nyinginezo. Hizi hazihitaji mtu kukusifu. Ukiwa ulitumikia mahali fulani kwa muda uliowekwa, ni haki yako. Kama hazikutolewa wakati ule, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kupitia ofisi yake ya nishani hupokea maombi ya mkongwe mwenyewe, na akiwa amefariki, ya jamaa aliye karibu zaidi kisheria. Kwa Vita vya Kwanza mlango huo umefungwa, ofisi hiyo haitoi tena nishani za vita hivyo. Kwa Vita vya Pili uko wazi, lakini bawabu wake ni rekodi ya utumishi. Rekodi ikisema mtu alikuwa Gilgil muda wote, masimulizi ya Chindwin hayatasaidia hadi rekodi isahihishwe.

Mlango wa pili ni wa nishani za ushujaa, na huo ni mgumu. Ushujaa wa vitani lazima uwe umeonwa, ukaandikwa na ofisa, ukapanda ngazi hadi juu. Mfalme George wa Sita alikata shauri mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba mapendekezo mapya ya ushujaa wa vita vile yakome. Tangu hapo waombaji hujibiwa kwamba haiwezekani kupima leo, bila mashahidi, tendo la miaka 80 iliyopita. Hoja hiyo ina mantiki yake, nakubali. Lakini itazame pamoja na kisa cha Sajini Nigel Leakey wa Keya, mtoto wa familia ya walowezi wa Kenya. Aliuawa Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941 akipambana na vifaru vya Waitaliano, na Msalaba wa Victoria, nishani kuu kuliko zote za Uingereza, ulitangazwa kwa jina lake tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Alistahili, na sina neno juu ya hilo. Kisa chake kinaonyesha tu kwamba kuchelewa hakukuwa kizuizi pale penye mtu wa kuandika na wa kufuatilia. Katika vita vile hakuna Mwafrika mweusi wa Keya aliyepata Msalaba wa Victoria. Hadi mwaka 1942 walitengewa hata nishani yao ya pekee ya mwenendo bora vitani, tofauti na ile ya askari wa Kizungu. Ukitaka kujua ni nani aliyekuwa akipendekezwa na kwa kiasi gani, anzia hapo.

Wamarekani walichukua njia nyingine. Baada ya vita bunge lao liliweka bodi za kusahihisha rekodi za wanajeshi, ambazo askari au familia inaweza kuziomba zirekebishe kosa lililomdhulumu. Baadaye, serikali ilipoagiza uchunguzi wa kwa nini hakuna askari mweusi wa Vita vya Pili aliyepewa nishani yao kuu, saba walipatikana kuwa walistahili. Januari 1997 Rais Bill Clinton aliwatunuku. Mmoja tu, Vernon Baker, ndiye aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake. Mwaka 2015 nishani hiyohiyo ikatolewa kwa Henry Johnson, askari mweusi wa Vita vya Kwanza, miaka 97 baada ya usiku aliopigana Ufaransa. Sheria iliwapa mahali pa kugonga. Mduruma wa Kinango aliyetumikia taji la Uingereza hana bodi kama hiyo: Nairobi watamwambia lile halikuwa jeshi la Kenya, London watamwambia alete karatasi.

Karatasi zenyewe zilidhaniwa zimeteketea. Habari njema ni kwamba hazikuteketea zote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba kati ya watu 116,000 na pengine 350,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Tume hiyo imekuwa ikishirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya, na katika nyaraka za zamani zilizohifadhiwa na jeshi letu yamepatikana majina ya wanajeshi wa Kenya zaidi ya 3,000 wa enzi za Keya. Kwa miaka yote hiyo karatasi zilikuwa Kenya.

Kazi sasa ni kulijua jina unapoliona, na hapa ndipo mtu wa Kinango anapohitaji ujanja ambao mtafiti wa London hana. Anza na wilaya. Katika nyaraka nyingi za mkoloni Kwale haiitwi Kwale; inaitwa Wilaya ya Digo, na kabla yake Vanga. Anayetafuta Waduruma chini ya jina la Kwale anaweza kuambiwa hakuna kitu. Kisha kabila. Karani aliyeona uvivu kutenganisha Mduruma, Mrabai na Mchonyi aliandika Mnyika, akamaliza. Kisha jina lenyewe. Makarani wengi walikuwa wa bara au Wahindi, na masikio yao hayakuzoea sauti zetu. Dzombo huweza kuwa Jombo, Tsuma akawa Chuma au Suma, na Ruwa akawa Luwa.

Kubwa kuliko hayo ni desturi yetu ya kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina mawili huzunguka kwenye ukoo mmoja, kizazi hadi kizazi. Tuseme Nyawa mwana wa Mwero alikwenda Burma. Mjukuu wake leo naye ni Nyawa mwana wa Mwero, na kitambulisho chake kinamwonyesha amezaliwa mwaka 1970. Sisi tunalijua hilo bila kuelezwa. Karani wa ofisi ya nishani huko Uingereza, akiliona jina hilo kwenye fomu na kwenye faili, anaweza kudhani ni utapeli. Inatakiwa barua inayoeleza ukoo: mbari, baba, babu, kijiji, na chifu aliyekuwa madarakani wakati kijana anaandikishwa. Barua ya chifu ambayo sasa tunaitumia kwenye mirathi inafaa pia hapa, ila iandikwe kwa kirefu, isiwe mistari mitatu na mhuri.

Nimesema babu, lakini usiwasahau akina nyanya. Wajane ndio waliofuata kiinua mgongo posta au kwa mkuu wa wilaya, ndio waliosomewa barua kutoka vitani, na mara nyingi ndio waliohifadhi kitabu cha kuachishwa jeshi ndani ya sanduku. Kitabu hicho, hata kikiwa kimeliwa na mchwa nusu, kina namba ya askari, na namba ina thamani kuliko jina. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo hicho kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata karibu mara tatu ya Mwafrika. Wazee wetu walikuwa wakilisema hilo tangu mwaka 1945. Liliaminika karatasi ilipolisema.

Kuna watakaouliza kama inafaa kabisa kuidai nishani ya mkoloni. Swali ni halali, na Kinango ina mahali pake pa kuliulizia. Mackinnon Road, kwenye barabara kuu ya Nairobi, Waingereza walianza mwaka 1947 kujenga bohari kubwa ya kijeshi, kisha wakaiacha. Hali ya hatari ilipotangazwa, majengo hayohayo yakawa kambi ya kuwafungia washukiwa wa Mau Mau. Miongoni mwa waliopigana na Mwingereza katika miaka hiyo walikuwepo waliompigania hapo nyuma; Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa Keya huko Burma. Kwa hiyo simlaumu mzee aliyeitupa nishani yake msalani. Lakini kuitupa ilikuwa hiari yake. Kunyimwa kwa sababu karani alishindwa kuandika Dzombo si hiari ya mtu. Na rekodi ikisahihishwa, faida haiishii kwenye shaba: familia inapata tarehe, kikosi na mahali, na pengine kaburi la ndugu ambaye haikujua alizikwa wapi.

Serikali yetu nayo isijifiche nyuma ya London. Tuna Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014, na tarehe 20 Oktoba 2024 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa hapahapa Kwale, viongozi wa taifa wakiwa uwanjani. Hotuba zilikuwa nyingi. Kinachohitajika baada ya hotuba ni kazi ndogo na rahisi: nakala za majina yaliyopatikana zipangwe kwa wilaya za zamani, Digo na Vanga zikiwemo, ziletwe Kinango, Lungalunga, Msambweni na Matuga, zibandikwe kwa machifu na kusomwa kwenye baraza. Kaunti ya Kwale inaweza kuajiri kwa miezi michache vijana wanaojua Kiduruma na Kidigo wakae na orodha hizo pamoja na wazee. Gharama yake haifiki ya hema na viti vya sherehe moja.

Kijana aliyejiunga na Keya mwaka 1944 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1926. Watoto wake nao sasa ni wazee. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayekumbuka kikosi, namba, meli, au hata jina la chifu aliyewaita vijana barazani, mkalishe wiki hii uandike anachosema kwa lahaja yake, na kila jina uliandike kwa namna zote ambazo karani angeweza kulikosea. Karatasi hiyo ipigwe nakala tatu: moja ibaki nyumbani, moja apewe chifu, na moja iambatane na ombi la nishani.